Mbuzi Mweupe wa Sindano Tatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kugusa chai, Norjmaa alikuwa anatoa kichupa cha dawa kifuani, anakitikisa mara tano, anakisimamisha juu ya sanduku, halafu anachuchumaa mbele yake kama paka mbele ya shimo la panya. Dawa ya chanjo ya kifaduro ikiganda kwa baridi inaharibika. Ukiitikisa, ile nzima inabaki na weupe wake, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ile iliyoganda inajitenga upesi, unga chini, maji juu. Yake haikujitenga. Akishahakikisha anakirudisha kichupa ndani ya joho, chini ya titi la kushoto, na ndipo anasema, "Haya, leteni chai."

Nimeliona jambo hilo mara nyingi kwa sababu Norjmaa, tabibu wa bonde letu, hakuwa na pa kulala safarini ila kwa watu. Nasikia wenzake wa nchi za joto wanahangaika kuzipoza dawa. Yeye alihangaika kuzipa joto. Majira yote ya baridi alitembea na kifua kilichovimba upande mmoja, na wazee wakimtania, "Norjmaa, unamnyonyesha nani umri huo?"

"Wajukuu zenu. Nani mwingine anawakumbuka?"

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, miguu ya matege kwa kukaa sana juu ya farasi, na meno mawili ya chuma mbele. Mumewe alishakufa, binti yake mmoja aliolewa mashariki, mbali. Mpole hakuwa. Aliwahi kumfukuza baba mmoja nje ya hema lake mwenyewe kwa sababu alivuta tumbaku mbele ya mtoto mwenye pumu, kisha akaketi mahali pa yule baba na kula nyama yake.

Kwetu tulikuwa watano: bibi yetu Pagma, baba, mama, mimi, na wa tano ambaye hakuwepo.

Huyo ambaye hakuwepo alikuwa mdogo wangu wa kiume. Kabla yake mama alizaa wavulana wawili, wote wakafa kabla ya kutambaa. Bibi alikaa akawaza sana, akaipata sababu: wote wawili walikuwa wameandikwa kwenye daftari la hospitali. Kinachokula watoto, alisema, kinajua kusoma. Kwa hiyo alipozaliwa wa tatu, bibi akaapa kwamba huyu hakitamwona. Akamvalisha gauni la waridi. Akamsuka mikia miwili na kuifunga utepe mwekundu. Kila asubuhi akampaka masizi puani, na akampa jina la kuitia, Muunohoi, maana yake mbwa mbaya. Mgeni akiuliza, huyo ni msichana. Akizidi kuuliza, si wetu, tumemwokota. Watu wengi kwetu hufanya moja ya hayo. Bibi aliyafanya yote kwa pamoja.

Tabu ni kwamba Norjmaa ndiye aliyempokea alipozaliwa.

Mwishoni mwa Februari, mwaka wa tisini na tisa, alikuja kwetu akiwa ameganda nyusi. Tulikuwa tumeshasikia habari. Ng'ambo ya mlima kifaduro kilikuwa kimekamata watoto saba, na mmoja alikohoa siku tisa, pumzi ikamwishia. Mdogo wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba na hajawahi kuchomwa sindano hata moja.

"Baridi mnaipitisha salama?" Norjmaa alisalimu.

"Salama. Mifugo wako wamenona?" akajibu bibi.

"Sina mifugo, mama. Nina sindano."

"Pole."

Bibi hakumpa mgeni kichupa chake cha ugoro anuse, kama ilivyo desturi. Alikibana kiganjani. Mama akamimina chai, ikanyweka bila mtu kusema neno la maana, maana kwetu shida haitajwi kabla bakuli halijaonyesha chini. Bakuli lilipoonyesha chini Norjmaa akasema:

"Mama, nimekuja kwa ajili ya yule mvulana."

"Mvulana gani?"

"Niliyempokea hapo hapo ulipokaa."

"Labda ulipokea ndama. Umri huo unaanza kukuchezea."

"Na huyu?"

"Huyu msichana. Tena si wetu. Wapita njia walimdondosha."

"Hawajarudi kumuulizia?"

"Na sura hii? Nani amtake?"

Wakati huo yule msichana akasimama, akainua gauni, akalenga, akakojolea buti la tabibu.

Hakuna aliyecheka. Mama aligeukia jiko akaanza kutia samadi kavu kwenye moto ambao ulikuwa unatosha. Baba alishika kamba akaikagua kama vile amepewa zawadi. Norjmaa alilitazama buti lake, halafu akamtazama bibi.

"Ana shabaha huyu binti," alisema.

"Kwao walikuwa wawindaji," akasema bibi.

Halafu sauti ya Norjmaa ikashuka. "Mama, utani pembeni. Kifaduro kipo ng'ambo tu hapo. Sindano ni tatu, mwezi kwa mwezi. Nikianza leo, nikamaliza kabla ya Mei, watu watakapoanza kuhamahama na kuchanganyika atakuwa na kinga. Mtoto ana haki yake. Hata anayeokotwa."

"Na ukishachoma utaandika?"

"Lazima niandike. Kila tone la dawa lina mstari wake daftarini."

"Basi nenda na mistari yako. Wawili wako humo tayari."

Wale wawili Norjmaa mwenyewe ndiye aliyewaandika, kwa mkono wake. Akafunga mkanda wa joho, akainama mlangoni, akatoka. Mama alimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungika.

Nilikwenda kumshikia farasi. Baba naye alikuja, mwenye aibu, akijifanya anaangalia zizi.

"Mbuzi wako walichanjwa?" Norjmaa alimuuliza, mguu mmoja ukiwa kwenye kikanyagio.

"Wote. Mia mbili na kumi. Mama Pagma mwenyewe alisimama pale tangu asubuhi, hakuna aliyerukwa. Mmoja alikimbia, akamfukuza kwa fimbo."

"Daktari wa mifugo hakuandika?"

"Aliandika. Mama ndiye aliyemshikia wino usigande."

"Na hakuogopa daftari?"

"Aogope nini? Mbuzi wanaliwa na mbwa mwitu, na mbwa mwitu hawasomi."

Meno ya chuma yalitokeza kwanza, kicheko kikafuata nyuma. Akapanda farasi akaondoka akicheka peke yake, na baba akaniuliza, "Nimesema nini?"

Alirudi baada ya siku nane. Mbuzi wetu walikuwa wameanza kuzaa, na vitoto tisa vilikuwa ndani ya hema, kwenye uzio mdogo nyuma ya jiko, vikilia na kupandana. Norjmaa hakuingia kimya. Alianza kupiga kelele tangu nje, akiwa bado juu ya farasi, kwa sauti ambayo hata walio milimani wangeisikia.

"Bibi Pagma! Nimeambiwa kwenu hakuna watoto!"

Bibi akaacha kushona. "Hakuna!" akajibu kwa sauti kubwa.

"Hata mmoja?"

"Hata robo!"

"Nimefurahi sana. Nimechoka na watoto. Leo nimekuja kuchoma mbuzi!"

Akaingia, akakaa, akanywa chai yake taratibu. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa kile kichupa cha ugoro, akakifungua, akanusa mwenyewe, akafikiri, akanusa tena.

"Mbuzi gani?" aliuliza.

"Yule dhaifu. Kila kundi lina mmoja."

"Ukimchoma, unaandika nini?"

"Mbuzi huandikwa mbuzi."

"Andika sasa hivi. Mbele yangu."

Norjmaa alitoa daftari, akalamba kalamu, akaandika. Bibi hajui kusoma, na hakumwamini. Akaniita mimi, kwa sababu mimi nilisoma miaka mitatu kabla ya baba kunirudisha kwa mifugo. Nikaweka kidole chini ya maneno nikasoma polepole: "Mbuzi. Mmoja. Mweupe. Dume."

"Jike!" Bibi alipiga goti. "Wewe mwanamke, unataka kutuua? Andika jike!"

Norjmaa akakata, akaandika jike. Nikasoma tena. Bibi ndipo akanyoosha mkono na kumpa kile kichupa cha ugoro, kwa heshima zote.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya bibi. Sijapata kumwona mwanamke mzee akifurahia uongo namna ile. Alimvua Muunohoi gauni, akamfunga ngozi ya mbuzi mgongoni, akamvalisha kengele shingoni, akamtumbukiza katikati ya vile vitoto tisa. Norjmaa akapiga magoti kwenye uzio, akakitoa kichupa kifuani, akakitikisa, akakikodolea macho. Kikamridhisha. Akavuta dawa.

"Yupi?" akauliza kwa sauti ya juu.

"Yule asiye na mkia," akasema bibi.

Sindano ikaingia pajani. Muunohoi alinyamaza kama mtu anayehesabu, halafu akafumua kilio: "Biiiibi!"

Bibi aliinua uso kwenye tundu la moshi ili kinachokula watoto kisikie, akafoka, "Mbuzi gani huyu anayelia ovyo! Nitamuuza! Kijijini wananunua hata takataka!"

"Ngozi yake tu haifai," Norjmaa akaongeza.

"Nyama ndiyo usiseme!"

Wakaendelea hivyo kumtukana wakipokezana, huku Norjmaa akimsugua paja na kumtia kipande cha sukari mdomoni, na vitoto vya mbuzi vikilamba machozi yake kwa ajili ya chumvi.

Aprili alikuja tena, mbuzi akachomwa tena. Mei, mara ya tatu, hakuna aliyemtumbukiza. Aliona lile joho la tabibu mlangoni, akaenda mwenyewe kwenye uzio kwa miguu na mikono, akasema "Meee," akafungua mdomo kungoja sukari. Bibi akasema msichana huyu amerogwa kweli.

Kifaduro kilifika bondeni kwetu mwezi uleule, na familia iliyotoka ng'ambo kufuata majani. Watoto watano walikohoa mpaka wakatapika. Siku moja Muunohoi naye akakohoa. Mama aliangusha ndoo ya maziwa. Bibi alikwenda mbio ambazo hakuwa nazo. Akamfungua mdomo, akaingiza kidole, akatoa donge la manyoya ya mbuzi. Hakukohoa tena. Majira yote ya kiangazi alikimbia uchi na mikia yake miwili akiwachokoza mbwa.

Mimi ningedhani habari imeishia hapo. Lakini mwezi wa sita jino lilinivimba shavu, baba akanipeleka makao ya wilaya, nikakaa kwenye benchi la hospitali kungoja. Mlango wa ofisi ya mkubwa, Daktari Gombo, ulikuwa haufungi vizuri. Ndani alikuwamo Norjmaa.

"Dozi sitini na nne zimetoka," Daktari Gombo alikuwa anasema. "Watoto ishirini na mmoja, ni dozi sitini na tatu, sawa. Na hii moja?"

"Hebu hesabu tena, daktari. Watoto ishirini walimaliza zote tatu, wa ishirini na moja alihama baada ya sindano moja. Hizo ni sitini na moja."

"Na tatu zilizobaki?"

"Mbuzi."

"Nimeona. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Mbuzi mweupe, jike. Machi, Aprili, Mei. Norjmaa, umempa mbuzi chanjo ya watoto ya serikali?"

"Mara tatu. Hakukosa siku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa haki yake."

Nikasikia kalamu inagonga meza. "Mimi si mjinga," akasema Daktari Gombo. "Kuna mtoto hapa. Nipe jina lake nisahihishe daftari, tuyamalize. Wakaguzi kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar, wanakuja Julai."

"Nikikupa jina, litaandikwa. Likiandikwa, litasomwa, na habari zitafika. Yule bibi yake hatanifungulia mlango tena, wala hatamfungulia atakayekuja baada yangu. Na huyo mtoto bado ana chanjo nyingine mbele yake. Subiri akatwe nywele. Akifika miaka mitano watalitangaza jina wenyewe."

"Wakaguzi hawasubiri nywele!"

"Basi waambie mbuzi amepona."

"Andika jina, au andika barua ya kuacha kazi."

Nikasikia kiti kinavutwa. Nikadhani anatoka. Kumbe anakaa. "Nipe karatasi," alisema. Akaandika muda mfupi. Daktari Gombo alisoma kwa sauti ya mtu aliyechoka: "'Naacha kazi. Sababu: mbuzi.' Norjmaa, mtu haachi kazi hivi. Una miaka miwili tu kustaafu."

"Weka muhuri, daktari. Wino wako utaganda."

Alipotoka akaniona na shavu langu. Akasimama.

"Umesikia nini?"

"Sisikii kitu, shangazi. Jino linaniuma mpaka masikioni."

Akaniinua kidevu, akachungulia jino. "Msichana mzuri," akasema. "Suuza kwa maji ya chumvi."

Sikumwambia mtu. Akaja tabibu mwingine, kijana anayeitwa Zorig, na pikipiki mpya. Watu walisema Norjmaa amezeeka, amepumzika, anasokota sufi ya ngamia huko makao ya wilaya. Zorig alikuja kwetu mara ya kwanza akapiga kelele tangu nje, "Nimekuja kuchoma mbuzi!" Alisema ameachiwa maagizo hayo kwenye karatasi, hayaelewi, lakini ameambiwa ayafuate. Bibi alimpa ugoro palepale.

Mdogo wangu alifika miaka mitano kwa hesabu yetu, ya kuhesabu na miezi ya tumboni. Septemba iliyopita tukafanya karamu ya kumkata nywele. Bonde zima lilikuja. Mama alipika buuz, yale maandazi ya nyama ya kupikwa kwa mvuke, mpaka mvuke ukatoka mlangoni. Kila mgeni hupewa mkasi uliofungwa kitambaa cha samawati, anakata kishungi kimoja, anatoa zawadi na baraka.

Norjmaa alikuja juu ya farasi wa kuazima. Alikuwa amekonda, kifua kimekuwa sawa pande zote. Zamu yake ilipofika akaushika mkasi, na yule mdogo wangu, mbele ya wazee wote, akashuka kwa miguu na mikono, akasema "Meee!" akafungua mdomo.

Kisha Zorig akasema taratibu, "Ahaa," kama mtu aliyebeba barua miaka miwili na leo ndiyo ameisoma. Kicheko kilichofuata kiliwatoa hata mbwa. Bibi alicheka mpaka ugoro ukamwagika, halafu akafuta macho, akasimama.

"Wote sikieni," alisema. "Huyu si msichana. Hajaokotwa. Si mbuzi. Ni mjukuu wangu, anaitwa Orgil, na ni mzuri." Hilo neno mzuri alikuwa hajawahi kulisema tangu azaliwe. Akamgeukia Norjmaa. "Sasa andika."

Norjmaa alitoa kadi ya manjano ndani ya joho. Kadi ya chanjo. Ilikuwa na tarehe tatu na mihuri mitatu, mahali pa jina pakiwa patupu. Alikuwa ameitunza muda wote huo.

"Mimi siruhusiwi kuandika, mama. Si tabibu tena."

"Umestaafu, hujafa. Andika."

"Hajastaafu," nilisema.

Watu wakageuka. Mimi huwa sisemi. Nikasema yote niliyoyasikia kwenye benchi, sitini na nne, wakaguzi, barua, sababu mbuzi. Nilipomaliza, bibi alikuwa amekaa chini bila kujua amekaa.

"Kwa ajili ya uongo wangu mimi?" akauliza.

"Ulikuwa uongo mzuri, mama. Ungekuwa mbaya nisingeuingia." Norjmaa akaninyooshea kalamu. "Msomi wenu aandike."

Nikaandika Orgil. Herufi zilipanda mlima kidogo lakini zilikaa. Norjmaa akakata kishungi chake, akambusu mtoto utosini, akampa sukari, na ile kadi akamkabidhi Zorig. "Bado ana moja kabla ya shule," alimwambia. "Usipokuja nayo nitakuja kukuchoma wewe."

Kesho, bibi alisema, atapanda farasi mwenyewe kwenda kwa huyo Gombo, na Gombo atajuta kujua kusoma. Na Norjmaa hataondoka mikono mitupu. Yule mbuzi jike mweupe aliyefungwa nje, aliyenona kuliko wote, ni wake. Tena atapewa kwa hotuba. Watu wakae.

"Natoka mara moja," Norjmaa alisema. "Nimiminieni chai."

Mama akammiminia bakuli. Bibi akasimama katikati, akarekebisha kofia, akasafisha koo, akangoja. Tukangoja wote. Chai ikatoa moshi, ikaacha kutoa moshi, utando wa siagi ukashika juu yake. Mwishowe baba akatoka kuchungulia. Akarudi akajikuna.

"Farasi hayupo," alisema.

"Na mbuzi?" bibi akauliza.

"Naye hayupo."

Bibi alikaa na hotuba yake mdomoni. Tuliambiwa baadaye kwamba Norjmaa alipita makao ya wilaya siku hiyohiyo bila kusimama isipokuwa kurudisha farasi, akapanda lori la sufi kuelekea mashariki kwa binti yake, na mbuzi mweupe amekaa mapajani. Hakurudi tena bondeni. Bibi bado hakubali bakuli lile la chai litumiwe na mtu mwingine, na mgeni akiuliza ni la nani, anasema halina mwenyewe, limeokotwa.